Mwanahabari Anapoandika Safari

Habari na safari ni ndugu wawili wasiofanana tabia. Habari huuliza kumetukia nini. Safari huuliza watu wanaishije. Mwandishi aliyelelewa na ya kwanza, akiihamia ya pili, hana budi kuiacha haraka aliyoizoea.

Mfano ulio karibu nasi ni Adam Shafi, mwanahabari na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Unguja mwaka 1940. Wasomaji wetu wamjua kwa Kuli (1979) na Vuta N'kuvute (1999). Mwaka 2013, umri ukiwa umepita miaka 70, alitoa Mbali na Nyumbani, masimulizi ya safari ya ujana wake kutoka Unguja, kupitia Uganda na Sudani, akiazimia kufika Ulaya. Kwa lugha ya taarifa ya redio, safari hiyo ingalikwisha kwa sentensi tatu: vijana wameondoka, wamekwama, wamefika. Kitabu chazima kwajengwa na yale ambayo taarifa ingeyatupa: kungoja, wasiwasi wa mipakani, na mgeni kumtegemea mwenyeji asiyemjua. Jicho ni lile lile lililowatazama wachukuzi wa bandarini katika Kuli.

Hata hivyo, tusisifu bila kupima. Kumbukumbu ya nusu karne huchuja, na mtu mzima humsemea kijana aliyekuwa. Mwalimu na awaulize wanafunzi: ni wapi asemapo kijana, na ni wapi asemapo mzee?

Somo hili latugusa sana sisi wa Kibiti. Redio imelitaja jina letu kwa mauaji ya mwaka 2017 na kwa mafuriko ya Aprili 2024. Wageni nao wameiandika delta ya Rufiji kwa ajili ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoangamia humo Julai 1915. Yote hayo ni kweli, wala hatusemi yafichwe. Lakini watu wanaojulikana kwa misiba yao tu hawajajulikana bado.

Nani amemwandika mkulima wa mpunga akeshaye katika dungu kuwafukuza nguruwe? Nani amewaandika abiria wa Nyamisati wanaovuka kwenda Mafia, au nahodha anayengoja maji yajae ndipo apite vijito vya mikokoni? Boriti za mikoko hii zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na kuezeka nyumba za watu. Safari yake yatosha kitabu kizima.

Kijana wa sekondari hahitaji kufika Ulaya ndipo aandike safari. Na apande mashua hapa hapa, akae siku kadhaa, asikilize kabla ya kuuliza, kisha aandike kwa Kiswahili chake. Tusipoyaandika haya sisi wenyewe, wajukuu wetu wataijua delta kwa taarifa za maafa peke yake.