Kitenzi ‘chapisha’ na hatari yake katika menyu za tovuti

Wataalamu wa programu za kusimamia tovuti huchukulia kwamba kupanga menyu ni kazi yao, nasi wanaisimu tumewaachia tu. Sizungumzii menyu anayoiona msomaji wa kawaida. Nazungumzia ile ya ndani, anayoiona mtu aliyepewa nywila ili aandike habari, abadilishe picha na kufuta yaliyopitwa na wakati.

Mjini Lodwar, karani wa kaunti anaweza kuitumia kwa Kiingereza bila kulalamika, maana ndicho alichofanyia mtihani. Kakuma mambo ni tofauti. Katika kambi hiyo iliyofunguliwa 1992, na katika makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa jirani 2016, Wakongomani wamekuja na Kiswahili chao. Ni kweli kwamba wanahabari wakimbizi walioanzisha KANERE mwaka 2008 waliandika kwa Kiingereza. Lakini si kila mwenye jambo la kusema ana Kiingereza cha kulisemea.

Basi chukulia kijana wa Kikongo anayesimamia tovuti ya kikundi cha akina mama. Ameandika majina ya waliolalamikia jambo nyeti na anataka nakala moja ya karatasi. Anaona ‘Chapisha’. Abofye, asibofye? Katika programu nyingi zilizotafsiriwa, neno hilohilo huamuru printa itoe karatasi na pia huamuru habari itangazwe kwa ulimwengu mzima. Akikosea, majina yametoka, na hata akiyafuta baada ya dakika tano, huenda kuna aliyekwisha kuyanakili. Kambini, hilo si kosa la tahajia.

Lugha yenyewe haina hatia hapa. Tuna ‘chapa’ na tuna ‘chapisha’, na kiambishi kile cha usababishi kingetosha kuzitenga kazi hizi mbili. Labda wafasiri waliogopa ‘chapa’ kwa sababu humaanisha pia kupiga (mwanafunzi akiambiwa atachapwa hafikirii printa!). Lakini mbona ‘chapa kazi’ haijamchanganya mtu?

Chanzo cha tatizo kiko katika namna ya kutafsiri. Mfasiri hupewa faili yenye maneno ya Kiingereza upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili. Skrini haioni. Kiingereza hukubali neno moja liwe nomino na kitenzi, naye hubahatisha. Ndiyo maana ‘Hifadhi’ huweza kuwa amri mahali pamoja, na ghala mahali pengine. ‘Futa’ nayo huondoa maandishi kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha ikaondoa ukurasa mzima. Ningependa kanuni moja ifuatwe: pa kwenda paitwe kwa nomino, yaani Kurasa, Picha, Watumiaji, la kutenda liitwe kwa kitenzi, na kila kitenzi kiwe na kazi moja.

Wapo waliofanya vizuri. Menyu ya Wikipedia ya Kiswahili ina ‘Ukurasa wa bahati’, tafsiri iliyokataa kumfuata Mwingereza neno kwa neno, na ‘Mabadiliko ya karibuni’, ambayo haihitaji kamusi. ‘Viungo’ sina uhakika nayo. Kwa mpishi ni bizari na iliki, kwa daktari ni mikono na miguu, ingawa muktadha huokoa.

Kuna pia suala la nafasi. Maneno yetu ni marefu. Menyu iliyolazwa juu ya skrini huyabana hadi yakatike, ilhali iliyosimama pembeni huyaacha yapumue. WordPress iliihamishia menyu yake ya usimamizi pembeni katika toleo la 2.7, Desemba 2008. Nadhani hawakuwa wakituwazia sisi, ila tulifaidi.

Msamiati wa wasomi nao nautilia shaka. Wakenya tunalijua neno ‘rasimu’ kwa sababu ya vita vya katiba. Rasimu ya Bomas ya 2004 ilitufunza. Mgeni kutoka Bukavu hakupitia darasa hilo. Kwa habari ambazo hazijatangazwa, mimi ningeandika ‘Hazijatoka’ na chini yake ‘Zimetoka’. Wenzangu watasema hiyo ni lugha ya mdomoni. Na waseme, kwanza wakaijaribu Kalobeyei.