Saa Iliyofichwa Ndani ya Kito

Kuna vyombo ambavyo huwezi kuvihukumu mpaka uulize vinaficha nini, na vinamficha nani. Vidani na vikuku vya kale vya Ulaya vilivyotengenezwa ili kubeba saa ndani yake ni vya namna hiyo. Wengi huvisifu kwa udogo wa mtambo na wingi wa almasi. Mimi naona, msomaji wangu, kwamba yafaa tutazame kifuniko kwanza.

Chukua saa ya zumaridi ya mwaka 1600 hivi, ambayo ni mali ya makumbusho ya jiji la London. Mwaka 1912 vibarua waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu katika mtaa wa Cheapside walipiga sururu sakafu ya chumba cha chini ya ardhi, wakakuta hazina ya masonara iliyofukiwa tangu karne ya 17. Saa hii ilikuwamo. Fundi alitwaa zumaridi moja kubwa yenye pande sita, akaichimba ndani hata ikawa nyumba ya saa, na kifuniko akakichonga kwa zumaridi vilevile. Uso wa saa nao ukatiwa rangi ya kijani ing'aayo. Ukikifunga kifuniko, saa haipotei. Uso wake waonekana kama mchanga chini ya maji maangavu.

Hapo ndipo ninapomsifu fundi huyo: ameficha pasipo kudanganya. Wala hakuwa na mengi ya kujivunia katika mtambo wenyewe. Saa za wakati ule, kabla ya kuvumbuliwa kwa kamani nyembamba ya kurekebisha mwendo mwaka 1675, aghalabu zilikuwa na akrabu moja tu, na ziliweza kukosea robo saa au zaidi kwa siku. (Mtambo wa hii umekwisha kuliwa na kutu.) Lakini sifa hiyo ina doa. Jiwe latoka Kolombia, ambako Waspania waliwalazimisha wenyeji kuchimba zumaridi katika milima ya Muzo. Kulitoboa jiwe lililopatikana hivyo, kwa ajili ya saa isiyojua wakati, ni israfu, na uzuri wa kazi hauifuti.

Sasa tazama kikuku cha dhahabu kilichotengenezwa mwaka 1868 na Patek Philippe wa Geneva kwa ajili ya Countess Koscowicz wa Hungaria. Mtambo wake ni bora mara nyingi kuliko ule wa kwanza, ila umefunikwa kwa kifuniko chenye almasi ambacho jicho halipenyi. Kwa nini? Katika karamu za wakubwa wa zama hizo, kutazama saa mbele ya watu kulihesabiwa utovu wa adabu, hasa kwa mwanamke. Basi mwenye kikuku alipaswa kuujua wakati kwa siri, kama mtu aibaye. Simlaumu fundi, alitii desturi. Lakini siwezi kukipenda chombo kilichotumia ustadi mwingi hivyo kumsaidia mtu mzima aombe radhi kwa kutaka kujua ni saa ngapi.

Wanaume waliendelea kuiona saa ya mkono kuwa pambo la kike hata Vita Kuu ya 1914–1918. Ndipo askari, wakiwa na bunduki mikononi ndani ya mahandaki, walipoona taabu ya kutoa saa mfukoni. Wakazifunga mkononi, uso wazi, wala hakuna aliyewaambia kuwa hawana adabu.