Kungwi, Mlinzi au Msindikizaji? Uhakiki wa Istilahi ya Protini Zinazosaidia Uingizaji wa Protini katika Mitokondria

1. Usuli wa Tatizo
Mwaka 1978, Laskey na wenzake waliazima katika Kiingereza jina la mtu mzima anayefuatana na vijana ili wasikaribiane isivyostahili. Waliipa jina hilo protini inayozuia histoni na DNA zisishikamane ovyo. Mwaka 1987 Ellis alilipanua jina hilo lijumuishe kundi zima la protini zinazosaidia nyingine kujikunja. Kiswahili bado hakijatulia kwenye jina moja. Uhakiki huu unapima maneno matatu, yaani kungwi, mlinzi na msindikizaji, kwa vigezo vya muundo na mageuko.

Suala hili si la msamiati pekee. Mwanafunzi wa Misugusugu, kando ya Barabara ya Morogoro huko Kibaha, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha huikuta biolojia ya sekondari kwa Kiingereza. Istilahi atakayopewa kuunganisha lugha hizo mbili ndiyo itakayomjengea picha ya utendaji wa seli, iwe sahihi au potofu.

2. Kungwi na Chumba cha Mwali
Miongoni mwa Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na Kibaha, mwali aliyevunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa kwa ngoma, desturi iliyochunguzwa kwa kina na Swantz (1970). Sitiari hii ina mvuto kwa sababu Hsp60 ya mitokondria huunda chumba chenye umbo la pipa. Protini ambayo haijajikunja huingia, Hsp10 hufunika mdomo wa chumba, na kwa nishati ya ATP protini hupata nafasi ya kujikunja kabla ya kutoka.

Hata hivyo, ulinganisho huu unakwama kwenye kiini cha kazi ya kungwi, ambacho ni kufunda. Anfinsen, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1972, alionesha kwamba maelekezo ya umbo la protini yamo katika mpangilio wa asidi amino zake yenyewe. Chumba humkinga mwali, hakimfundishi lolote. Kwa hiyo istilahi kungwi ingempa msomaji dhana ambayo majaribio yameikanusha. Mlinzi nalo linataja kinga tu, na halisemi chochote kuhusu kupokea, kukabidhi na kuachia.

3. Tim Ndogo na Kazi ya Kusindikiza
Jenomu ya mitokondria ya binadamu hubeba maelekezo ya protini 13 tu. Nyingine zote, zinazozidi 1,000, hutengenezwa nje na kuingizwa. Protini zinazokwenda kwenye utando wa ndani hupita lango la TOM, kisha hukabili nafasi yenye maji iliyo kati ya tando mbili. Sehemu zao zisizopatana na maji zingeweza kugandamana hapo. Tim9 na Tim10 huzipokea.

Webb na wenzake (2006) walibainisha kwamba molekuli tatu za Tim9 na tatu za Tim10 hupangika kama panga za feni. Kila molekuli hushikiliwa na vifungo viwili vya salfa kati ya jozi za sisteini. Weinhäupl na wenzake (2018) walionesha kwamba protini inayobebwa hushikwa kwa wepesi, ikiwa imenyooka na inayumbayumba, hadi ikabidhiwe kwa TIM22. Kazi hii haitumii ATP.

Hapa neno kusindikiza linadhihirisha uzito wake. Mwenyeji humsindikiza mgeni hadi njiani, kisha hurudi. Hawi sehemu ya safari yote wala ya makazi ya mgeni. Ellis naye alisisitiza sharti hilo hilo: protini saidizi haibaki kuwa sehemu ya umbo la mwisho.

4. Ushahidi wa Mageuko
Hsp60 na Hsp70 za mitokondria zina asili ya bakteria. Tim ndogo hazina ndugu anayejulikana miongoni mwa bakteria. Gentle na wenzake (2007) walifuatilia nasaba yake ndani ya yukariota. Hata Trypanosoma brucei, kimelea kinachoenezwa na ndorobo, anazo, ingawa mfumo wake wa uingizaji una sura tofauti. Kwa hiyo, kundi hili linaunganishwa na kazi, na jina lolote linalodokeza ukoo mmoja litapotosha.

5. Hitimisho
Istilahi protini sindikizi inastahili kupendekezwa. Udhaifu wake ni kudokeza mwendo, ilhali Hsp60 hufanya kazi yake ndani ya chumba. Lakini sharti la kuachia na kujitenga linabaki kweli kwa zote. Taswira ya mwali aliyewekwa ndani ibaki kuwa mfano wa kufundishia Hsp60, bila kungwi wake.