Nyumba ya Ndotoni: Msonge na Ghorofa

Imekuwa desturi katika madarasa yetu ya fasihi kwamba nyumba ya ndotoni ikitajwa, mwanafunzi huambiwa papo hapo kuwa hiyo ni nafsi ya mwotaji: ghorofani zimo fikra zake za wazi, na chini yamefichwa asiyoyajua. Fasiri hii ina maana, hatukatai. Tunalouliza ni nyumba ipi iliyoizaa.

Mwaka 1909, Carl Jung, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, alisafiri na Sigmund Freud kwenda Marekani, akamsimulia ndoto. Alishuka kutoka sebule ya juu hadi ghala la chini lililojengwa Kirumi, kisha pangoni, akakuta mafuvu mawili. Hiyo ni nyumba ya Ulaya, iliyorundika karne juu ya karne.

Je, mwotaji wa Ntobeye, huku Ngara, aliyezaliwa katika msonge wa nyasi, ashuke wapi? Msonge hauna ghorofa wala ghala la chini. Aingiaye huinama mlangoni, akaelekea motoni. Maana yote i pale penye mafiga. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye, alipouonya moyo wake katika Al-Inkishafi, alitumia majumba ya Pate aliyoyajua, yakiwa magofu. Hakuazima nyumba ya mtu.

Sisi tuliazima. Mzee mmoja wa Ntobeye, miongoni mwa waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji (1973 hadi 1976), alitusimulia kuwa hulala katika nyumba ya kijijini, iliyopangwa mstarini, lakini ndotoni hujikuta mahameni: msonge umesimama, mlango u wazi, mafiga yapo, moto hakuna. Kwake, waliozikwa kule walikuwa wakiuliza. Mkewe alisema ni migomba tu inayodai kupaliliwa, na fasiri hiyo nayo tusiidharau.

Tuliitungia shairi ndoto ile. Kwa kutafuta hadhi, tukaugeuza msonge kuwa ghorofa, na moto kuwa taa. Vina vilikaa, mizani ikatimia, wenzetu ofisini wakalisifu. Laiti tungalimwomba kwanza atuchoree nyumba yake kwa kijiti mchangani, kama mwalimu awezavyo kumwomba mwanafunzi kabla ya kumpa fasiri!

Tulipomsomea, mzee alisikiliza hadi beti la mwisho. Kisha akauliza kwa upole ile ilikuwa nyumba ya nani.