Kadiri ya Mwendo

Jua la mwisho wa Desemba katika mji wa Boston, huko Massachusetts nchini Marekani, huchwa mnamo saa kumi na robo alasiri, na halichomozi tena mpaka saa moja ya asubuhi imekwisha kupita. Basi mtu mwenye kazi ya mshahara, awe muuguzi, mwalimu, mpishi au dereva wa basi, akitaka kukimbia katika siku hizo hana budi kukimbia gizani, kabla ya kazi au baada yake, kando ya mto Charles ulioganda kingoni, katika upepo wenye kukata masikio, juu ya njia ambayo jicho haliwezi kubainisha ni wapi penye lami na ni wapi penye barafu. Hakuna amwamuruye wala amlipaye. Watu hawa ni wengi kuliko adhaniavyo mgeni, na kwa kuwa nimeishi miongoni mwao na kukimbia pamoja nao katika baridi hiyo, naona ni wajibu wangu kuwasifu. Kwa maana walifanyalo halistahili kuitwa mchezo tu. Ni ufundi wenye elimu na adabu zake, na kiini cha elimu hiyo ni kadiri, yaani kujua kiasi cha kutoa leo ili kesho kibaki cha kutoa.

Kinachowapeleka gizani ni kalenda. Marathoni ya Boston, iliyokimbiwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1897 na wanaume 15, desturi yake ni mwezi wa Aprili, na mwili wa mtu mzima aliye kazini huhitaji kama miezi minne ya matayarisho kwa ajili ya kilomita 42 na mita 195. Mwenye kuhesabu kurudi nyuma kutoka Aprili hujikuta Desemba. Kwa muda wa karne karibu nzima mbio hizo zilikuwa za ridhaa kwa wa mbele na wa nyuma sawasawa. Mshindi alivikwa taji la majani, akapewa heshima yake, kisha akarudi kazini kwake, na fedha hazikuanza kutolewa kwa washindi ila mwaka 1986. Wanawake hawakukubaliwa rasmi mpaka mwaka 1972, ingawa Roberta Gibb alikwisha kuikimbia njia yote mwaka 1966 bila namba kifuani. Na dhuluma hiyo ilichukua muda mrefu mno kuondolewa.

Kukimbia katika baridi kali kuna maarifa yake, nayo mgeni huyapata kwa wazoefu, kwa kuuliza na kutazama. La kwanza ni mavazi. Mgeni hujifunika mpaka akaona joto angali mlangoni, na baada ya muda mfupi ametota jasho. Na jasho katika baridi ni adui, kwa sababu nguo iliyolowa huunyang'anya mwili joto lake upesi mno mara mwendo unapopungua. Mzoefu hutoka akihisi baridi kidogo, kwani anajua kuwa misuli ikishika kazi itatoa joto la kutosha na ziada. Nguo iliyo karibu na ngozi haiwi ya pamba, maana pamba hunywa jasho na kulishika. Juu yake huja vazi la kuhifadhi joto, na la nje kabisa ni jepesi la kuzuia upepo. Glavu zenye kutenganisha vidole hutosha katika baridi ndogo, lakini siku iliyo kali huvaliwa zile zinazovikusanya vidole vinne katika mfuko mmoja vikapashana joto. Hata upepo una hesabu yake: mwenye busara huanza kwa kuukabili, angali mkavu na mwenye nguvu, ili arudi nyumbani ukimsukuma mgongoni, lakini aliyetangulia kwenda na upepo, akatokwa na jasho, kisha akageuka kuukabili akiwa kilomita 10 kutoka kwake, amejitia katika hatari ya kweli.

Na juu ya barafu, hasa ile nyembamba iliyo angavu, ambayo hukaa juu ya lami kwa rangi ya lami yenyewe, hatua hufupishwa, wayo hutuliwa chini ya kiwiliwili wala si mbele yake, magoti hulegezwa, na haraka yote huwekwa kando. Wako watiao skurubu fupi katika soli za viatu vyao vya zamani ili vishike barafu, nami nimeviona vikifaa kuliko viatu vingi vya bei kubwa. Linalonipendeza zaidi katika maarifa haya ni kwamba hakuna hata moja kati yake limfanyalo mtu akimbie upesi. Yote ni ya kumwezesha atoke tena siku ya pili yake, na siku ya pili ndiyo mali ya mkimbiaji.

Mtu mmoja wa pande za Boston aliyeyaunganisha maisha na mbio kwa namna ya kustaajabisha ni marehemu Clarence DeMar, mpiga chapa, aliyezaliwa mwaka 1888 na kushinda Boston mara saba, mara ya kwanza mwaka 1911 na ya mwisho mwaka 1930, alipokuwa na umri wa miaka 41. Madaktari walimwonya mapema juu ya moyo wake, kwa kuwa walisikia ndani yake sauti isiyo ya kawaida. Naye aliendelea kwenda kazini na kurudi kwa kukimbia, akashinda kutwa katika kazi ya chapa, na baadaye akawa mwalimu wa kazi hiyo, mpaka alipofariki kwa saratani mwaka 1958. Taarifa ya madaktari waliouchunguza mwili wake, iliyotolewa mwaka 1961, ilieleza kuwa mishipa inayoulisha moyo wake damu ilikuwa na upana mara mbili au tatu kupita ile ya mtu wa kawaida. Mimi simsifu kwa mishipa, ambayo huenda Mola alimjalia tangu kuzaliwa. Namsifu kwa kuifanya njia ya kwenda kutafuta riziki kuwa ndiyo kiwanja chake cha mazoezi, bila kumwibia mwajiri wake wakati wala kuomba apunguziwe kazi.

Wengi hufanya hivyo hata leo. Nguo hupangwa kitini usiku ili asubuhi pasiwe na shauri la kufanywa na akili yenye usingizi. Shati la kazini hutangulizwa ofisini siku moja kabla. Uji hupikwa mapema, au huachwa mpaka wakati wa kurudi. Na mwenye aila hana budi kukumbuka kuwa mbio ndefu ya Jumapili, ikichukua saa tatu, ni saa tatu zilizotoka katika haki ya mke au mume na watoto, na kwamba idhini iliyotolewa kwa moyo mkunjufu mwezi wa Desemba inaweza kuisha mwezi wa Machi isipotunzwa. Nimewajua wakimbiaji hodari wa miguu ambao nyumba zao ziliwachoka, na sikuweza kuwahesabu miongoni mwa mafundi. Kadiri iliyo njiani haitoshi ikiwa mezani haipo.

Kisha iko mikasa midogo, na hapa ndipo ufundi unapotiwa katika mizani. Siyasemi madhara makubwa, ambayo hukata shauri yenyewe. Nasema juu ya lengelenge la kisigino, ukucha wa kidole gumba uliogeuka mweusi, mafua yaliyoshuka kifuani, ugoko wenye kuuma asubuhi, kifundo kilichoteguka kidogo penye ukingo wa theluji, na zaidi ya hayo ile kano nene ya nyuma ya kisigino, ambayo huamka imekakamaa, ikalegea baada ya hatua chache, na kumdanganya mwenyewe kuwa imepona. Mengi ya maumivu haya asili yake ni moja. Moyo na mapafu huyapokea mazoezi kwa majuma machache, na misuli hufuata. Lakini kano hupata damu haba na mfupa hujijenga polepole, hivyo huhitaji miezi. Matokeo yake ni kwamba ifikapo mwisho wa Januari mkimbiaji hujiona ana pumzi ya kwenda mbali na upesi kuliko miguu yake iwezavyo kustahimili, na pumzi humshawishi kila siku. Anayeisikiliza pumzi peke yake hulala na mfuko wa barafu juu ya kisigino mwezi mzima wa Februari.

Dawa ya kano hiyo ni saburi iliyotiwa hesabu. Mwaka 1998 tabibu wa Sweden, Håkan Alfredson, pamoja na wenzake, walieleza jinsi wanariadha 15 wa ridhaa walioteswa na kano kwa muda mrefu walivyorejea katika mbio baada ya majuma 12 ya zoezi moja tu: kusimama kwa ncha za vidole katika ukingo wa ngazi na kukishusha kisigino polepole, mara 15 kwa mafungu matatu goti likiwa limenyooka, na vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku, yaani mara 180 tangu macheo hadi kulala. Hakuna la kujivunia katika zoezi hili. Lakini nahodha wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, bahari ikifungwa, hukipandisha chombo chake mchangani, akakikalafati na kukipaka deheni, wala hakuna mwenye akili amwitaye mvivu kwa kuwa hayuko baharini. Na mkimbiaji aliyesimama ngazini akikishusha kisigino chake naye yumo kazini, tena katika sehemu ya kazi iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu anawasikia wenzake wakipita nje.

Najua wako wasioafiki kwamba kupumzika ni sehemu ya ufundi. Mwingereza Ron Hill, mkemia wa nguo aliyeshinda Boston mwaka 1970 kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 30, alikimbia walau maili moja kila siku tangu Desemba 1964 mpaka Januari 2017, miaka 52 na zaidi, wala hakuacha hata alipovunjika mfupa wa kidari katika ajali ya gari mwaka 1993. Namheshimu kwa dhati, na katika asubuhi za giza jina lake limenitoa kitandani. Lakini sithubutu kumweka mbele ya watu kuwa mwalimu wa wote. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akiwa na homa, akavitazama viatu vyake na kuviacha pale vilipo, amefanya siku hiyo jambo la kifundi zaidi kuliko kilomita zozote ambazo angezikimbia, na ni jambo gumu, kwa kuwa hakuna mtu atakayempongeza.

Mwezi wa Februari na wa Machi, asubuhi za mwisho wa juma, wakimbiaji humiminika katika barabara ya Commonwealth Avenue pale Newton, ili kuvizoea vilima vinne vitakavyowakabili siku ya mbio baina ya kilomita ya 26 na ya 33. Cha mwisho huitwa Heartbreak Hill, yaani Kilima cha Kuvunjika Moyo, nacho kilipata jina hilo baada ya mbio za mwaka 1936, ambapo John Kelley, mshindi wa mwaka uliotangulia, alimfikia Ellison Brown vilimani akamgusa begani kwa upole, na Brown, kwa kuguswa huko, akazidisha mwendo, akamwacha na kushinda. Kelley hakuacha. Alishinda tena mwaka 1945, akazianza mbio hizo mara 61 na kuzimaliza mara 58, ya mwisho ikiwa mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 84, na sanamu yake iko katika barabara hiyohiyo, Kelley kijana na Kelley mzee wameshikana mikono.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna fungu letu katika njia hiyo, nami nalitaja kwa fahari. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania walishindana mpaka katikati ya mji, na Hussein akapata ushindi kwa sekunde moja, saa 2, dakika 8 na sekunde 43 kwa sekunde 44, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa alikuwa wa pili mwaka huo, akawa wa pili mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Na kati ya mara hizo, mwezi wa Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Hao walikuwa mabingwa, na kipimo chao si chetu. Lakini mtu aliyezidiwa kwa sekunde moja baada ya kilomita 42, akarudi kwa utulivu katika mazoezi yaleyale, anastahili kutajwa mbele ya kila mkimbiaji aliyekosa majuma mawili kwa ajili ya ugoko na kudhani mwaka wake umeharibika.

Wasiokimbia huuliza miezi hiyo ya giza humpatia nini mtu atakayemaliza nyuma ya maelfu. Jawabu limo katika tarakimu. Njia ya Boston huanzia Hopkinton, mahali palipo takriban mita 150 juu ya bahari, na huishia mjini karibu sawa na bahari yenyewe, na sehemu kubwa ya mteremko imo katika kilomita za mwanzo. Basi siku hiyo ya Aprili, miguu ikiwa imepumzika, watu wakishangilia na njia ikishuka, kila kitu humhimiza mkimbiaji aende upesi. Asiyejifunza kadiri huenda, na mapaja yake, yaliyochoshwa na mteremko, humwangusha Newton. Orodha ya matokeo huonyesha muda wa kila mtu kwa kila kilomita 5, nami niipatapo huanza kuisoma katikati, mbali na majina makubwa, nikimtafuta mtu aliyechukua dakika 28 katika kilomita 5 za kwanza, na dakika 28 na nusu baina ya kilomita ya 35 na ya 40. Huwapo, ingawa si wengi, na mara nyingine ni mama wa makamo au babu wa miaka 60 na kitu. Na tarakimu mbili hizo huzisoma kwa furaha kubwa kuliko niusomavyo muda wa mshindi.