Sumu ya bakteria inavyotoboa seli

Protini inayoyeyuka vizuri majini inawezaje kutoboa utando wa mafuta? Swali hilo liliwashughulisha kwa muda mrefu wachunguzi wa perfringolisini O, sumu ya Clostridium perfringens, bakteria anayeozesha misuli kwa gangrini ya gesi. Ndugu zake ni pneumolisini, ya bakteria wa nimonia, na streptolisini O, ya bakteria wa maumivu ya koo. Zote huwinda kolesteroli, ambayo imejaa katika utando wa seli zetu lakini haimo katika utando wa bakteria hao. Ndiyo maana silaha hii haimrudii mwenyewe.

Mwaka 1997 umbo la perfringolisini lilipatikana kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele za protini. Ni molekuli ndefu, nyembamba, yenye sehemu nne. Sehemu ya nne, iliyo ncha ya chini, ndiyo inayoshika utando, na ilidhaniwa kwamba ndiyo inayotoboa pia. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, lakini haikuwa sahihi, na jinsi ilivyoangushwa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote katika taaluma hii.

Maabara za Rodney Tweten, Oklahoma, na Arthur Johnson, Texas, zilianza na sisteini, asidi amino ambayo molekuli hii inayo moja tu. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa hiyo ndiyo roho ya sumu. Ilipoondolewa na alanini kuwekwa mahali pake, sumu iliendelea kutoboa. Ndipo watafiti wakaanza kuipachika sisteini kwingine, katika sehemu ya tatu: wanageuza asidi amino moja, wanapima, wanahamia jirani yake, wanapima tena. Kila sisteini ilivishwa chembe ya rangi inayomulika kwa unyonge ikiwa majini na kwa nguvu ikizama kwenye mafuta.

Sumu ilipowekwa kwenye utando, rangi iliyo mahali pamoja iling'aa, ya jirani ikafifia, iliyofuata ikang'aa, hivyo hivyo kwa zamu. Mpangilio huo ni wa uzi wa protini ulionyooka, ambao asidi amino zake hugeukia upande huu na ule kwa kupokezana. Zinazong'aa zimeelekea mafuta; zilizofifia zimeelekea maji ya ndani ya tundu. Lakini katika umbo la 1997 eneo hilohilo lilikuwa limejisokota! Maana yake ni kwamba misokoto ilifumuka, ikanyooka, ikazama. Kila molekuli ilionekana kuzamisha jozi mbili za nyuzi, yaani nyuzi 4, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998 na 1999.

Ikabaki shida moja. Molekuli ikiwa imesimama, sehemu ya tatu iko nanomita 4 hivi juu ya utando. Inafikaje? Mwaka 2001 watafiti walizifunga nyuzi hizo kwa daraja la salfa: molekuli zilikusanyika zikaunda pete juu ya utando, lakini hazikutoboa. Daraja lilipokatwa kwa kemikali, zikatoboa. Pete, basi, hutangulia tundu. Mwaka 2004 hadubini ya nguvu za atomi, inayopapasa uso wa kitu kwa ncha nyembamba, ilipima kimo cha pete kabla na baada ya kutoboa, ikakuta imeshuka kwa takriban nanomita 4. Molekuli zilizosimama duara kama nguzo za msonge zinajikunja kiunoni kwa pamoja.

Kolesteroli nayo hutambuliwa na asidi amino mbili tu, threonini na leusini, kwenye kitanzi kimoja cha sehemu ya nne; hilo lilijulikana mwaka 2010. Tena kazi yake haiishii kushikwa. Intermedilisini, ndugu mwingine, hushika protini ya binadamu iitwayo CD59, lakini kolesteroli ikipunguzwa kwenye utando, pete yake inabaki pete, haitoboi.

Mwaka 2017 hadubini ya elektroni ilitoa picha ya tundu la pneumolisini karibu kwa kiwango cha atomi: molekuli 42 zimezunguka tundu ambalo ukuta wake una nyuzi 168. Gawanya, utapata 4 kwa kila molekuli, sawasawa na rangi ilivyokuwa imeonyesha.