Kinjeketile Kabla ya Maji

Muulize mwanafunzi yeyote wa fasihi Kinjeketile inahusu nini, atakwambia: maji. Hajakosea, ila karuka mwanzo. Tamthilia hii ya Ebrahim Hussein (1969) haianzi na mganga. Inaanza na wanawake wanaozungumza habari za njaa, huku waume zao wanatumikishwa kwenye shamba la Mjerumani na mashamba yao wenyewe yanabaki bila mkono. Kabla ya muujiza kulikuwa na hesabu: nani analima, nani anakula.

Kwangu mimi, hapo ndipo tamthilia ina nguvu zaidi, na Hussein anapaacha mapema mno. Kinjeketile akishatoka mtoni, jukwaa linamezwa na swali jingine: neno likishatoka kinywani, ni la nani? Swali zito, na ule mwisho wa Kinjeketile kukataa kuyakana maji haujapata mpinzani katika tamthilia zetu. Lakini shamba limebaki nyuma. Nasi wasomaji tumezoea kudhani kwamba watu huinuka pale tu wanapopandwa na roho.

Hasara yake unaiona Usukumani. Huko hakukuwa na Hongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Mwingereza ilileta sheria juu ya sheria: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, lipa kodi, ukikaidi faini. Aliyezisimamia mlangoni kwako hakuwa Mzungu. Alikuwa mtemi na wanangwa wake, watu ambao zamani walitazamwa kwa mvua na ardhi, sasa wanalipwa mshahara na kudai kodi. TANU ikapigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954. Mwaka 1958 serikali ikaipa Geita halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, katika wilaya ambayo karibu wote ni Waafrika. Watu wakakataa. Mamia wakaenda Mwanza kudai wasikilizwe, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Miaka mitatu baadaye, bendera ikashushwa.

Sasa niambieni, tamthilia ya Geita iko wapi? Gabriel Ruhumbika wa Ukerewe aliandika Village in Uhuru (1969), riwaya ya kijiji katika miaka ya uhuru, lakini kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, sioni kazi ya Geita inayosimama kando ya Kinjeketile. Nahisi tunaona aibu: stakabadhi ya kodi haina mvuto wa mkuki. Lakini hebu mfikirie yule mtemi. Akidai kodi, watu wake wanamwona msaliti. Asipodai, bwana shauri anamvua kiti. Naye, kama Kinjeketile, kabanwa na mamlaka ambayo haijui tena ni ya nani. Hussein angejua la kumfanyia.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa kavuka 85. Manju walioimba malalamiko ngomani wengi wameshalala. Dhahabu ya Geita ina wachimbaji wa kutosha. Kumbukumbu ya 1958 haina. Wakiondoka hao, watoto watabaki kuamini kwamba uhuru ulidaiwa na waganga na baadaye na wasomi wa Dar es Salaam, na kwamba mfugaji aliyesema "ng'ombe wangu hawahesabiwi tena" hakuwa na neno.

Isomeni tena Kinjeketile. Ila safari hii, msikimbilie mtoni. Kaeni kidogo na wale wanawake wenye njaa.